Kansa ya kinywa, kiraka na mate: mwongozo kamili wa kuzuia maambukizi baada ya oparesheni

Naandika hii kwa ajili ya nyie mnaouguza, na mgonjwa mwenyewe kama ana nguvu ya kusoma. Mimi ni nesi wa wodi ya kichwa na shingo na swali ninaloulizwa kila siku ya Mungu ni hili: "nesi, hiki kidonda kimeingia wadudu au ndo kinapona hivyo?" Ni swali zuri, na si rahisi kulijibu, maana kidonda cha mdomoni hata kikiwa kinapona vizuri kabisa kukiangalia kunatisha, na kile kinachooza kwa ndani kinaweza kuonekana kizuri tu kwa juu.

Kwanza tuelewane kilichofanyika thieta. Dokta anakata uvimbe pamoja na ukingo wa nyama yenye afya inayouzunguka, pengine nusu ya ulimi, pengine kipande cha taya, alafu anafungua shingo na kutoa tezi ambazo kansa hupenda kukimbilia. Linabaki pengo. Pengo hilo linazibwa kwa nyama iliyotolewa sehemu nyingine ya mwili, mara nyingi mkononi karibu na kiganja, au pajani, au mfupa wa pembeni wa mguu kama taya limekatwa, na nyama hiyo inakuja na mshipa wake wa kupeleka damu na wa kurudisha, ambayo inaungwa na mishipa ya shingoni chini ya darubini kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Madokta wanaita flapu, mimi naita kiraka, wagonjwa wanaelewa haraka zaidi. Kwa hiyo mgonjwa anatoka na vidonda vinne au vitano kwa mpigo: mdomoni, shingoni, pale kiraka kilipotoka, paja lililochunwa ngozi ya kufunika pale kiraka kilipotoka, na mara nyingi tundu la kupumulia kooni.

Adui ni mate

Ukielewa hapa mengine yote yanakuja yenyewe. Mtu mzima anatoa mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, na kinywa kina aina zaidi ya 700 za bakteria ambao wakikaa kwao hawana shida. Shingo kwa ndani haina bakteria hata mmoja. Sasa oparesheni imezifanya hizi kuwa nyumba mbili zenye ukuta mmoja, na ukuta wenyewe ni mshono. Mate yakipata upenyo yanashuka, yanajikusanya shingoni, yanageuka usaha, na usaha unaogelea palepale ilipoungwa mishipa inayolisha kiraka. Mshipa ukiganda kwa sababu ya usaha kiraka kinakufa. Ndo maana maambukizi huku si jambo la kumeza vidonge ukasubiri.

Na kuna saa nyingine inatembea kimyakimya. Wagonjwa wengi wanatakiwa mionzi baada ya oparesheni, na lengo ni ianze ndani ya wiki 6. Kidonda kikiwa wazi au kinatoa usaha mionzi haianzi. Kila wiki inayoliwa na maambukizi kansa kama kuna chembe imebaki inapewa nafasi, na hili ndo linaloniuma kuliko hata kidonda chenyewe.

Kabla ya oparesheni

Sigara iachwe, na iachwe angalau wiki 4 kabla kama muda upo. Najua kansa haisubiri, ila hata wiki mbili zinasaidia kuliko kuvuta hadi asubuhi ya siku yenyewe. Moshi unabana mishipa midogo na unapunguza oksijeni inayofika kwenye mshono, na mshono usiopata oksijeni haushiki.

Kisukari kipimwe hata kwa anayesema hana. Siku za oparesheni timu nyingi zinataka sukari ikae chini ya 10 mmol/L (hiyo ni 180 kwa mashine zinazosoma mg/dl), maana juu ya hapo chembe nyeupe za damu zinafanya kazi kivivu.

Lishe. Wengi wanakuja wamekonda kwa sababu wameshindwa kutafuna miezi kadhaa. Mtu aliyekonda hana protini ya kujengea kovu, kwa hiyo kama kumeza kunasumbua omba apewe mpira wa kulishia mapema, usione aibu kuonekana una haraka.

Meno. Jino bovu ni ghala la wadudu pembeni ya mshono mpya. Ayaone daktari wa meno kabla, na yale ya kung'oa yang'olewe kabla au siku hiyohiyo akiwa amelazwa usingizi, kwa sababu nitakayoeleza mwishoni.

Na hili watu wanalipita haraka wakati lina uzito mkubwa: aleji ya penisilini. Ukijaza fomu kwamba una aleji kwa sababu ulipokuwa mtoto ulitoka vipele, timu inaacha dawa bora na inakwenda kwenye antibaiotiki nyingine iitwayo klindamaisini, na kwenye oparesheni hizi za kiraka wagonjwa waliopewa klindamaisini peke yake wameonekana kupata maambukizi mengi zaidi. Ajabu ni kwamba karibu watu tisa kati ya kumi wenye aleji hiyo kwenye faili, wakipimwa vizuri wanakuta hawana. Kwa hiyo kama hukumbuki ulipatwa na nini hasa, mwambie dokta hivyo hivyo, aamue kama kuna haja ya kupima. Ila kama uliwahi kuvimba uso au kushindwa kupumua, hapo sema kwa sauti na usikubali majaribio ya kienyeji.

Antibaiotiki: hapa ndo ugomvi wa ndugu na madokta ulipo

Dozi ya kwanza inachomwa ndani ya saa moja kabla kisu hakijagusa ngozi, na oparesheni ikiwa ndefu inarudiwa humo humo thieta. Baada ya hapo miongozo ya kimataifa ya 2017 ya wagonjwa wa upasuaji huu inasema iendelee saa 24, bas. Ndugu wakiona imesimamishwa siku ya pili wanakasirika, "mgonjwa wetu kakatwa namna hii mnamnyima dawa?" Hapana jamani, hanyimwi. Hii ni dawa ya kinga, kinga imeshafanya kazi yake, kuendelea siku saba hakupunguzi maambukizi ila kunaleta kuhara kubaya na wadudu sugu. Wadudu wakionekana kweli, hiyo sasa ni matibabu, dozi ni nyingine na dawa inachaguliwa kufuatana na majibu ya maabara. Tafadhali msimletee kapsuli mfukoni mkamfungulia kwenye mpira wa kulishia, nshaona hiyo, na majibu ya maabara yalikuja hayaeleweki.

Siku tatu za kwanza

Hizi ni siku za mishipa zaidi kuliko siku za wadudu. Kiraka kinaangaliwa kila saa siku ya kwanza, usiku na mchana, na mgonjwa atalalamika halali, mvumilieni. Kikigeuka bluu au zambarau, au kikipauka na kuwa cha baridi, iteni mtu sekunde hiyohiyo.

Kazi zenu nyie ni hizi. Kitanda kiinuliwe upande wa kichwa kama nyuzi 30, inapunguza uvimbe na inazuia mate yasiingie mapafuni, kwani nimonia ni maambukizi pia na inawapata sana wenye tundu kooni. Makohozi yavutwe na sakshen (mashine ya kunyonya) mara kwa mara, na ule mpira wa kuvutia tunduni usitumike mdomoni alafu ukarudi tunduni. Akiruhusiwa kukaa kwenye kiti siku inayofuata akae, akiruhusiwa kutembea atembee hata hatua tano. Shingoni pasifungwe kitu chochote, kamba ya maski, skafu, mkufu, hakuna, ndo maana mara nyingi mrija wa tunduni mnaukuta umeshonwa kwenye ngozi badala ya kufungwa kamba.

Homa ndogo siku ya kwanza na ya pili kwa kawaida ni mwili unalalamika kuchakazwa. Iripotiwe, lakini isiwatoe roho.

Mikono. Najua mnaijua hii, ila nimewaona watu wanapaka dawa ya mikono mlangoni, wanaingia, wanashika simu, alafu wanamshika mgonjwa. Simu ndo chafu kuliko kitasa.

Kusafisha kinywa bila kuharibu mshono

Subirini timu iwaambie lini kuanza na wapi msiguse. Mkisharuhusiwa, kinywa kinasafishwa kila baada ya saa nne hivi akiwa macho, na kila baada ya chakula akishaanza kula. Dawa ya klorheksidini (ya kuua bakteria mdomoni) kama imeandikwa, au maji ya vuguvugu na chumvi nusu kijiko cha chai kwa glasi moja. Asisukutue kwa nguvu kama anayetoa mwiba kooni. Amimine taratibu, ainamishe kichwa huku na huku, aache yadondoke yenyewe kwenye beseni. Sehemu za meno yaliyobaki tumia mswaki laini wa mtoto, na kwenye kiraka tumia sifongo laini iliyolowa, unapangusa kutoka kwenye mshono kwenda katikati ya kiraka, hukwangui.

Sasa sikilizeni hili vizuri: kiraka hakina hisia. Neva zilikatwa. Chakula kinaweza kujificha chini ya ukingo wa kiraka siku mbili mgonjwa hajui, na kinaoza hapo. Kwa hiyo tochi ya simu na kioo kidogo ni vifaa vya tiba, angalieni shavu kwa ndani, chini ya ulimi, na ule mfereji kati ya kiraka na ufizi. Na kwa sababu hiyohiyo kutosikia maumivu mdomoni si dalili kwamba mambo ni shwari, na chakula cha moto kitamuunguza bila kujua.

Kitu kingine cha kuchekesha, mwaka wangu wa kwanza nilimwita dokta usiku wa manane kwa sababu kiraka kilikuwa kimefunikwa na weupe, nikajua ni usaha. Akaja, akaangalia, akaniambia nitazame vidole vya mtu aliyefua nguo siku nzima. Ni ngozi ya mkono ule, imezoea ukavu, saivi inaishi ndani ya mate, lazima ijikunje na kuwa nyeupe. Na inaweza kuota vinyweleo pia, msishtuke. Utando wa njano uliokaa juu ya mstari wa nyuzi nao kwa kawaida ni sehemu ya kupona, msiukwangue. Usaha ni ule unaotiririka, mzito, na ukibonyeza pembeni unaongezeka, ila kubonyeza mwachieni dokta.

Siku ya 5 hadi ya 10

Hapa ndo macho yawe makali. Uvimbe wa oparesheni unatakiwa uwe unapungua, mgonjwa anazidi kuchangamka, na ndugu wameanza kulegea. Mshono wa ndani ukiwa umeachia, mara nyingi unajionyesha kipindi hiki.

Angalieni ngozi ya shingo asubuhi na jioni, kwenye mwanga uleule, na kama timu inaruhusu piga picha kila siku, maana wekundu unaokua polepole jicho linauzoea. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, hapo tumia mgongo wa kiganja: je, pana joto kuliko upande wa pili? Ngozi imekaza na kung'aa? Panabonyea kama kuna maji chini? Uvimbe uliokuwa umeshuka ukirudi kupanda, hiyo peke yake inatosha kuita dokta, hata bila homa. Wazee, na wanaotumia dawa za steroidi, wanaweza kuoza shingo nzima themomita inasoma 37.

Dreni nazo zinaongea. Ni ile mipira inayotoa maji shingoni kwenda kwenye chupa. Damu nyekundu, alafu rangi ya chai hafifu, alafu njano safi inayopungua, huo ndo mwendo mzuri, na madokta wengi wanaitoa ikishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24. Ikigeuka tope, ikinuka, au ikiwa na mapovu na kuvutika kama ute wa yai, kuna uwezekano mkubwa hayo ni mate. Ikiwa nyeupe kama maziwa baada ya kuanza kulishwa, hiyo si usaha, ni mshipa wa limfu unavuja, nayo ni ya kusema leo si kesho.

Kuna mama mmoja alimuuguza mumewe, siku ya nane, vipimo vyote safi, sisi tunapanga kumruhusu. Yeye akasema kola ya shati inalowa upande mmoja na inanuka kama mdomo wa asubuhi. Hakusema "maambukizi" wala nini, alisema kola. Dokta akampa mgonjwa maji yenye rangi ya bluu ashike mdomoni, dakika chache gozi ya shingoni ikawa bluu. Mate yalikuwa yameshatoboa njia. Walifungua shingo siku hiyohiyo, wakaosha, wakageuza mkondo mbali na mishipa, na kiraka kikapona.

Ndo matibabu yenyewe yalivyo mara nyingi: kufungua, kuosha, kuchukua sampuli ya maabara, kujaza gozi kwenye pango lipone kutoka chini kuja juu, antibaiotiki, na hakuna kula kwa mdomo, anaendelea na mpira wa kulishia. Tundu dogo la mate linaweza kujifunga lenyewe kwa wiki kadhaa, kubwa linaweza kuhitaji kiraka kingine, mara nyingi msuli wa kifuani. Kwa sababu hii akiambiwa asile hadi siku fulani asile, hata kijiko kimoja cha kuonja. Nawajua nyie mnaoonea huruma.

Vidonda vingine vinavyosahaulika

Mkono au mguu uliotoa kiraka ukiwa na bandeji msiifungue kuchungulia. Vidole vikivimba, vikiwa vya baridi au vikifa ganzi, ripoti. Paja lililochunwa ngozi ndo linauma kuliko vyote na linafungwa siku 10 hadi 14, kulowa kidogo ni kawaida, ila bandeji ikiwa na rangi ya kijani na harufu tamutamu ya ajabu kuna bakteria anaitwa Pseudomonas anapenda pale, inatakiwa ibadilishwe.

Mpira wa kulishia: kabla ya kila mlo hakikisheni upo tumboni kwa njia mliyofundishwa, akae amenyanyuka wakati wa kulishwa na nusu saa hadi saa nzima baada ya hapo. Akikohoa au kubanwa pumzi katikati ya mlo, simamisha.

Nyumbani

Maambukizi ya oparesheni yanahesabiwa hadi siku 30, na kama amewekewa chuma cha taya (kile kinachoshikilia mfupa wa taya) hadi siku 90, kwa hiyo karatasi ya kuruhusiwa haimaanishi vita imekwisha. Wekeni daftari: joto la mwili asubuhi na jioni, amekula na kunywa kiasi gani, kidonda kikoje. Mkipiga simu hospitali msiseme "hali si nzuri", semeni "siku ya 12 tangu oparesheni, joto 38.4, upande wa kulia wa shingo umevimba tangu jana jioni, unatoa maji ya njano". Simu kama hiyo inamtoa dokta kwenye kiti.

Kuna mambo hayasubiri simu, ni kwenda moja kwa moja: kupumua kwa shida, shingo kuvimba ghafla, kuchanganyikiwa, kupumua harakaharaka huku mwili baridi na mkojo umepungua, na damu. Damu hasa. Mwenye maambukizi au tundu la mate shingoni, akitoa damu nyekundu kidogo alafu ikaacha yenyewe, msifurahi kwamba imeacha. Inaweza kuwa ukuta wa mshipa mkubwa wa shingo umeliwa na unatoa onyo. Gandamiza kwa kitambaa safi na mwende, hata kama ni saa tisa za usiku.

Kuhara zaidi ya mara tatu kwa siku akiwa katoka kwenye antibaiotiki, semeni pia kabla ya kununua dawa ya kufunga tumbo. Na weupe mdomoni nje ya kiraka, kwenye shavu au kaakaa, ambao ukiupangusa unatoka na kuacha wekundu, huo ni fangasi, unatibika kirahisi.

Miezi na miaka baadaye

Chuma cha taya kinaweza kukaa kimya miezi alafu ngozi juu yake ikawa nyembamba, ikatoka kipele kisichopona, kinavujavuja. Hicho si chunusi. Akishapata mionzi ndo zaidi, maana mionzi inapunguza damu kwenye mfupa wa taya kwa kudumu, na mfupa usio na damu ukijeruhiwa unaweza kufa. Jeraha linaloongoza ni kung'oa jino, ndo sababu nilisema yang'olewe mapema, na kama ni baada ya oparesheni basi kama siku 10 hadi 14 kabla ya mionzi kuanza. Mfupa ukionekana mdomoni, hata kama hauumi, arudi kliniki.

Meno yaliyobaki yapakwe floraidi kila siku kama atakavyoelekezwa, na kwenye pochi yake akae na kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu nzito: taya hili limepigwa mionzi, using'oe jino kabla hujaongea na timu iliyonifanyia oparesheni. Namba ya kliniki chini yake.